Njia Nyingi za Hadithi Moja: Riwaya-picha ya Kijapani, Studio ya Key na Masimulizi ya Uhamisho katika Turkana

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya utanzu ambao uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeupa kisogo kwa muda mrefu: riwaya inayosomwa katika skrini ya kompyuta, yenye matini, taswira na muziki, ambayo humtaka msomaji kila baada ya muda achague njia ambayo masimulizi yatafuata. Utanzu huu ulikulia Japani, na huko umewapata wasomaji wengi. Sisi tutauita riwaya-picha. Istilahi hii ina kasoro yake, kwani picha katika utanzu huu mara nyingi husimama tu kama pazia la jukwaani, na kinachosonga ni maneno. Hata hivyo ni afadhali kuwa na jina lenye kasoro kuliko kuendelea kusema "michezo ya kompyuta", jina ambalo huyafungia nje mambo haya kabla hayajasomwa.

Msomaji anaweza kuuliza ni kwa nini historia ya studio za Osaka na Tokyo iandikwe kwa kuelekea Lodwar na Kakuma, mahali ambapo umeme wenyewe haujawa wa kutegemewa. Sababu ni mbili. Kwanza, Kakuma, iliyo kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar kwenye barabara ya kwenda Lokichoggio, imekuwa tangu mwaka 1992 mojawapo ya sehemu za Afrika Mashariki zinazosimuliwa zaidi na watu wa nje. Pili, swali ambalo riwaya-picha hulizua, yaani kama hadithi moja inaweza kuwa na njia nyingi na bado ikawa ya kweli, ni swali ambalo katika kambi ya wakimbizi si la kinadharia tu. Linaamua ni nani atakayepewa hifadhi na ni nani atakayekataliwa. Tutalirudia jambo hili baada ya kuieleza historia yenyewe.

Kutoka Portopia hadi Key

Asili ya utanzu huu kwa kawaida huwekwa katika mwaka 1983, kampuni ya Enix ilipochapisha kazi ya Yuji Horii iitwayo Portopia Renzoku Satsujin Jiken, yaani mfululizo wa mauaji ya Portopia. Ni kisa cha upelelezi kinachoanzia Kobe. Mchezaji ndiye mpelelezi. Huandika amri, kompyuta humjibu, na polepole kisa hufumbuka. Katika toleo la kwanza msomaji alilazimika kubuni maneno ya kuandika, jambo lililowachosha wengi. Toleo la mwaka 1985, lililotengenezwa na kampuni changa ya Chunsoft iliyoasisiwa mwaka 1984 na Koichi Nakamura, liliweka orodha ya amri ambazo msomaji alichagua tu. Badiliko hili linaonekana dogo, lakini kihistoria ndilo lililomwondolea msomaji kazi ya kuandika na kumwachia kazi ya kuchagua.

Mwaka 1992 Chunsoft ilitoa Otogirisō, hadithi ya kutisha iliyoandikwa na Shukei Nagasaka, na ikaiita riwaya ya sauti. Hapa matini yalitandazwa juu ya skrini nzima, juu ya picha ya nyumba ya zamani, huku sauti za mvua, milango na nyayo zikibeba sehemu kubwa ya hofu. Iliyofuata, Kamaitachi no Yoru ya mwaka 1994, iliandikwa na Takemaru Abiko, mtunzi wa riwaya za upelelezi aliyekwisha kupata jina katika vitabu vya karatasi. Wageni wamekwama katika nyumba ya mapumziko milimani wakati wa dhoruba ya theluji, mmoja anauawa, hakuna anayeweza kutoka. Wahusika huonyeshwa kama vivuli vya buluu visivyo na nyuso, na hivyo msomaji hujaza sura mwenyewe. Kikubwa zaidi, hufika mahali ambapo msomaji hutakiwa kuandika jina la muuaji kwa mkono wake. Akichelewa kulijua, wahusika wengine wanaendelea kufa.

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), riwaya yetu ya upelelezi imekuwa ikimwalika msomaji ashindane na Bwana Msa kimyakimya: nani alikuwa wapi, nani anasema uongo. Tofauti ni kwamba Bwana Msa hatungoji. Tukikosea hitimisho letu, yeye hulifikia lake na ukurasa hugeuka. Katika Kamaitachi kosa la msomaji huingia ndani ya kisa na kuwa sehemu ya matukio. Wahakiki wa upokezi wamezoea kusema kuwa msomaji hushiriki kuunda maana. Hapa kauli hiyo imeacha kuwa sitiari.

Neno lenyewe la riwaya-picha lilitokana na kampuni nyingine, Leaf, ambayo mwaka 1996 ilitoa kazi mbili, Shizuku na Kizuato, na mwaka 1997 To Heart, zote katika mfululizo uliobeba jina hilo. Haifai kuificha hali ya soko lililozilea kazi hizi. Nyingi zilikuwa na sehemu za ngono kwa ajili ya wanunuzi wanaume watu wazima, na wanawake ndani yake mara nyingi walichorwa kama zawadi zinazongoja mwisho wa njia. Mhakiki anayetaka kuutetea utanzu huu lazima aseme hivyo waziwazi, kisha aeleze jinsi baadhi ya watunzi walivyolitumia soko hilo kuandika jambo ambalo soko halikuwa limewaagiza.

Hapo ndipo studio ya Key inapoingia. Iliundwa mwaka 1998 chini ya kampuni ya VisualArt's ya Osaka, na watu waliokuwa wamefanya kazi pamoja katika jina lingine. Miongoni mwao Jun Maeda, mwandishi ambaye pia hutunga muziki, na Itaru Hinoue, mchoraji. Kazi yao ya kwanza, Kanon, ilitoka mwaka 1999. Kijana anarudi katika mji wa theluji baada ya miaka saba na kukuta kwamba ameyasahau mambo ambayo wengine wanayakumbuka vizuri. Kila msichana anayekutana naye amebeba sehemu ya kumbukumbu ambayo yeye ameipoteza. Air ilifuata mwaka 2000, na Clannad mwaka 2004. Clannad ilitolewa tangu mwanzo bila sehemu za ngono, na hilo lilithibitisha jambo ambalo wasomaji wengi walikwisha kulijua: watu hawakuinunua Kanon kwa sababu ya sehemu hizo. Waliinunua kwa sababu iliwaliza. (Kwa wanaofuatilia umiliki: mwaka 2023 kampuni ya Tencent ya Uchina ilinunua sehemu kubwa ya VisualArt's.)

Muundo wa Clannad unastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwani ndani yake mna nadharia nzima ya usimulizi. Mhusika mkuu, Tomoya, ni mwanafunzi aliyekata tamaa katika mji anaouchukia. Msomaji, kwa chaguo ndogondogo za siku za kwanza, kama vile aende maktaba au abaki darasani, amsindikize fulani au aende zake, huingia katika mkondo wa mhusika mmoja na kuufuata hadi mwisho wake. Kisha hurudi mwanzo na kufuata mwingine. Kila mkondo ukikamilika vizuri, msomaji hupata tone la mwanga. Matone hayo hayana kazi yoyote inayoonekana mpaka mwishoni kabisa, katika sehemu ambapo Tomoya ameoa, amepoteza mke, na kisha amepoteza mtoto. Hapo, ikiwa msomaji amekusanya mwanga wa kutosha kutoka katika maisha ya watu wengine wa mji ule, msiba unageuzwa.

Hukumu yetu kuhusu mwisho huu si nyepesi. Kwa upande mmoja, unaonekana kama maombolezo yanayolipwa fidia. Kezilahabi hakumfufua Rosa katika Rosa Mistika (1971), na ukatili wa riwaya ile umo katika kukataa kwake kutufariji. Kwa upande mwingine, Clannad inadai kitu ambacho riwaya ya karatasi haiwezi kukidai: kwamba faraja ya mtu mmoja iwe na gharama ya kusoma maisha ya wengine wote, mpaka mwisho, bila kuruka. Msomaji asiyejali majirani hapewi mwisho mwema. Tunaona kuwa dai hilo lina uzito wa kimaadili, hata kama Maeda amelipamba kwa machozi kupita kiasi.

Riwaya-picha isiyo na chaguo

Ni kosa la kawaida kudhani kuwa chaguo ndilo kiini cha utanzu huu. Historia yenyewe inakanusha dhana hiyo. Mwaka uleule wa 2004, Key ilitoa kazi fupi iitwayo Planetarian, isiyo na chaguo hata moja. Msomaji hubonyeza, na maneno huendelea. Katika mji uliohamwa kwa sababu ya vita, mtu anayeokota masalia anaingia katika jengo la maonyesho ya nyota na kumkuta roboti mwenye umbo la msichana, ambaye kwa miaka ipatayo thelathini amekuwa akiwangoja wateja. Roboti yule hajui kwamba watu wameondoka na hawatarudi; anamkaribisha yule mtu kwa adabu ileile aliyofundishwa. Tangu hapo kisa kinaelekea mahali pamoja tu.

Mfano wa pili una uzito zaidi kihistoria, kwa kuwa haukutoka katika kampuni. Kati ya mwaka 2002 na 2006, kikundi kidogo cha 07th Expansion, kikiongozwa na mwandishi anayejiita Ryukishi07, kiliuza katika soko la wasanii wasio na wachapishaji, lile la Comiket jijini Tokyo, mfululizo wa sehemu nane uitwao Higurashi no Naku Koro ni. Michoro yake ilikuwa ya mikono isiyofunzwa, na wengi waliicheka. Msomaji hakupewa chaguo. Alichopewa ni mwezi uleule wa Juni 1983, katika kijiji kilekile cha Hinamizawa, ukisimuliwa tena na tena. Kila mara wanaokufa ni tofauti na anayeonekana kuwa na hatia ni tofauti. Hakuna sehemu moja inayotosha. Msomaji aliyefika sehemu ya nne alikuwa na kumbukumbu ambazo wahusika hawakuwa nazo, na kazi yake ilikuwa kulinganisha.

Tukiziweka kazi hizi pamoja, tunaona kuwa linaloziunganisha ni marudio zaidi ya uhuru wa msomaji. Riwaya-picha ni utanzu wa kusoma tena. Hata pale chaguo linapokuwapo, kama katika Kanon, chaguo moja halina maana hadi msomaji arudi na kuchagua lile alilolikataa. Hiroki Azuma, mwanafalsafa aliyeandika juu ya wasomaji hawa mwaka 2001, aliona kuwa wamejifunza kuishi na miisho mingi bila kuhisi mgongano: kila mkondo una mapenzi yake ya dhati, na hakuna unaoufuta mwingine. Yeye aliliona jambo hilo kama dalili ya zama ambazo masimulizi makuu yamevunjika. Sisi tunaotoka katika fasihi simulizi tunaweza kumjibu kwamba hali hiyo ni kongwe kuliko zama anazozitaja.

Hadithi moja kwa afisa, hadithi nyingi kwa wajukuu

Mapokeo ya Waturkana, kama yalivyonakiliwa na John Lamphear na baadaye na Mustafa Mirzeler katika kitabu chake cha mwaka 2014, yanamtaja mwanamke aitwaye Nayece. Alitoka upande wa Wajie, katika nchi ambayo leo ni Karamoja ya Uganda, akimfuata fahali wa kijivu aliyepotea, na akashuka naye mashariki kufuata bonde la mto Tarach. Alipata matunda ya mwituni na nchi yenye malisho. Wengine walimfuata, na watu wapya wakaanza. Mirzeler aliwasikiliza wasimulizi wa pande zote mbili, Jie na Turkana, na alichokionyesha ni kuwa Nayece si hadithi moja. Anayesimulia Karamoja husimulia utengano. Anayesimulia Turkana husimulia mwanzo. Fahali, njaa, mto na mwanamke hubaki, lakini mkazo huhama, na huhama kwa makusudi kulingana na nani anasikiliza na ni amani gani inayotafutwa kati ya jamii hizo mbili.

Mto Tarach ndio huohuo unaopita Kakuma. Mwaka 1992, vijana waliokuwa wamekimbia vita vya Sudan hadi Ethiopia, kisha wakafukuzwa na vita vingine baada ya kuanguka kwa serikali ya Mengistu mwaka 1991, walifika kwenye kingo zake. Baada yao wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa kando katika muongo wa 2010. Kwa hiyo bonde ambalo katika mapokeo ya wenyeji ni njia ya mhamaji wa kwanza limekuwa kwa zaidi ya miaka thelathini makao ya wahamaji waliozuiwa kuendelea. Miaka thelathini ndiyo ileile ambayo roboti wa Planetarian aliingoja. Hatusemi kwamba mfanano huu una maana yoyote iliyokusudiwa. Tunasema tu kwamba msomaji wa Kakuma ataisoma kazi ile kwa namna ambayo msomaji wa Osaka hawezi.

Sasa tufikie jambo tulilolitaja katika utangulizi. Mtu anayeomba hadhi ya ukimbizi huhojiwa, na aghalabu huhojiwa zaidi ya mara moja, na maafisa tofauti, kwa kupitia wakalimani tofauti. Maelezo yake huandikwa na kulinganishwa. Tarehe ikihama, jina la kijiji likitamkwa kwa namna nyingine, ndugu aliyetajwa mara ya kwanza asipotajwa mara ya pili, basi shaka huingia. Mhojiwa hujifunza upesi kwamba anatakiwa kuwa na hadithi moja, yenye mwanzo, kati na mwisho, isiyobadilika hata neno. Huu ni utanzu, kama utanzu wowote ule, na una kanuni kali kuliko za shairi la tarbia. Lakini ni utanzu unaokwenda kinyume na namna ambavyo binadamu hukumbuka, na hasa kinyume na namna ambavyo jamii za wafugaji wa eneo hili husimulia. Nayece angehojiwa na afisa mmoja upande wa Jie na mwingine upande wa Turkana, faili lake lingefungwa kwa sababu ya ukinzani.

Dave Eggers aliligusa tatizo hili, labda bila kulikusudia, alipoyaandika maisha ya Valentino Achak Deng, aliyekulia Kakuma, na kuyaita riwaya. What Is the What (2006) ina jina la mtu halisi na kambi halisi, lakini imejiwekea kinga ya ubunilizi kwa kuwa hakuna awezaye kuyakumbuka mazungumzo yote ya utoto wake. Tunaiheshimu hatua hiyo. Hata hivyo mkono ulioandika ni wa Mmarekani, lugha ni Kiingereza, na muundo ni wa mkondo mmoja. Maisha ya maelfu ya vijana yalifika kwa msomaji wa dunia kama maisha ya kijana mmoja mwenye mwisho mmoja.

Salaam, na tatizo la msomaji mfadhili

Mtu wa Sudan Kusini aliyeanzisha studio yake mwenyewe ni Lual Mayen. Familia yake ilikimbia vita. Yeye alizaliwa safarini katika muongo wa 1990 na kukulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alikokaa miaka 22. Kisa chake kimesimuliwa sana: jinsi mama yake alivyoweka akiba kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na jinsi alivyokuwa akitembea saa tatu kwenda mahali penye umeme wa kuichaji. Alijifunza kuandika programu, akatengeneza mchezo wa amani na kuusambaza kambini kutoka simu hadi simu. Baadaye alihamia Washington, akaasisi Junub Games, na mwezi Desemba 2018 akatunukiwa katika hafla ya The Game Awards huko Marekani.

Mchezo wake unaitwa Salaam. Kwa Mwarabu jina hilo ni amani. Sikio la Mswahili litasikia pia salamu na salama, na halitakosea. Mchezaji ni mkimbizi anayekimbia. Lazima aruke vikwazo, apate maji, chakula na dawa. Nguvu zake zikiisha, mchezaji anaweza kuzinunua kwa fedha halisi, na sehemu ya fedha hizo hukusudiwa kuwafikia wakimbizi halisi kupitia mashirika ya misaada.

Kwa mizani ya makala haya Salaam si riwaya-picha. Matini yake ni machache na haina mikondo. Lakini ni kazi iliyo karibu zaidi nayo kutoka kwa mtu aliyepitia kambi za ukanda huu, na inatudai tuisome kwa makini badala ya kuipigia makofi tu. Ubunifu wake mkubwa umo katika kuziba pengo kati ya tendo la ndani ya kisa na tendo la nje: maji ya mhusika yanaweza kuwa maji ya mtu. Hapohapo ndipo penye shida. Msomaji anayelengwa ni yule ambaye hajawahi kukimbia, mwenye kadi ya benki. Uhusiano wa kale kati ya mkimbizi na mfadhili umeingizwa ndani ya kanuni za usimulizi. Mkimbizi anaishi ikiwa msomaji analipa. Mayen bila shaka ameyaona hayo kuliko sisi, na tunaelewa kwamba kwa kijana aliyetoka kambini kuugeuza mchezo kuwa chakula si jambo la kubezwa na wanaokaa madarasani. Lakini kifasihi mkimbizi wa Salaam hana jirani, hana mzaha, hana kumbukumbu. Ana pumzi tu.

Linganisha na Bury me, my Love, kazi ya Kifaransa ya mwaka 2017 iliyotokana na makala ya gazeti la Le Monde kuhusu mwanamke wa Syria aliyesafiri kwenda Ulaya. Hapa msomaji ni mume, Majd, aliyebaki nyumbani. Mkewe Nour humtumia ujumbe wa simu kutoka njiani, naye humjibu. Kuna miisho 19. Msomaji huchagua maneno, wala hachagui matukio: anaweza kumshauri, kumtania, kumtisha bila kutaka, na Nour anaweza kutomsikiliza. Hii ndiyo matumizi ya chaguo yenye ukweli kuliko zote tulizozitaja, kwa sababu inakiri jinsi ushauri wa aliye mbali ulivyo na nguvu ndogo. Ukosefu wake ni ule wa Eggers: imetungwa na waliohurumia, si na waliosafiri.

Je, vifaa vipo kwa walio Turkana? Vipo zaidi kuliko inavyodhaniwa. Katika eneo la Lodwar, shirika la Learning Lions limekuwa tangu katikati ya muongo wa 2010 likiwafunza vijana kazi za kompyuta, michoro na filamu. Chuo chake kando ya Ziwa Turkana, chenye minara ya kupitisha hewa iliyoigwa kutoka vichuguu vya mchwa, kilisanifiwa na Francis Kéré wa Burkina Faso na kukamilika mwaka 2021. Kakuma kuna watengenezaji wa filamu waliofunzwa huko kwa miaka mingi, na kuna mapokeo ya uandishi tangu wakimbizi walipoanzisha gazeti lao, Kanere, mwaka 2008. Na kuna Ren'Py, programu ya kuandikia riwaya-picha iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, isiyouzwa, ambayo hufanya kazi katika kompyuta dhaifu. Mfano wa Ryukishi07 unaonyesha kuwa mchoraji hodari si sharti la kwanza. Sharti la kwanza ni mwandishi.

Wala jicho la msomaji wetu halikuanza kusoma picha na maneno pamoja jana. Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha vizazi vya wasomaji wa Taifa Leo. Lodi Lofa na Ndumilakuwili walikuwa watu wa nyumbani kwa wasomaji wa Sani huko Tanzania. Na tangu mwaka 2010 Shujaaz imewapa vijana wa Kenya vibonzo katika Sheng wanayoizungumza.

Linalobaki ni lugha. Kakuma ni mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili cha Kenya, Kiswahili cha Kongo ya mashariki na Kiswahili cha mtu aliyejifunza sokoni hukutana kila siku, pembeni ya Kiturkana, Kisomali, Kidinka na Kiarabu cha Juba. Riwaya ya karatasi ingelazimika kuchagua mojawapo au kuzichanganya ndani ya mstari mmoja na kumchosha msomaji. Riwaya-picha inaweza kuwa na mkondo wa Mkongo katika Kiswahili chake, mkondo wa mama wa Kiturkana anayeuza kuni kambini katika kile anachokisema, na siku ileile moja ikarudiwa kwa macho ya kila mmoja wao, kama Juni ya Hinamizawa. Hapo ukinzani kati ya maelezo ya mmoja na mwingine usingekuwa sababu ya kufunga faili. Ungekuwa ndiyo kisa chenyewe.

Tatizo la hifadhi hatulipuuzi. Kazi nyingi za Kijapani za muongo wa 1990 leo hazifunguki katika mashine mpya bila msaada wa wapenzi wake, na Kakuma ni mahali pa vumbi, joto na kompyuta zinazokufa mapema. Lakini faili ambalo mwandishi wa Ren'Py huliandika ni matini matupu: majina ya wahusika, maneno yao, na mahali ambapo njia zinagawanyika. Linaweza kufunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia, na linaweza kuchapishwa katika karatasi, likafungwa kwa uzi na kuwekwa katika rafu ya maktaba Lodwar pamoja na matoleo yote ya Nayece.